Kichurachura, diklofenaki na mkojo wa rangi ya ukwaju: kisa cha misuli iliyovunjika bila mtu kuanguka

Usuli

Ninafanya kazi ya fiziotherapia kwenye kliniki ndogo Dar es Salaam, ya aina ile ambayo wagonjwa wengi huja wakiomba "kukandwa" na wachache tu huja na karatasi ya daktari. Mwenye kisa hiki nitamwita Bwana K. Ameridhia kiandikwe. Umri, kazi na mtaa wake nimevibadilisha. Mtiririko wa mambo, vipimo na makosa, likiwemo la kwangu, nimeviacha vilivyo.

Bwana K ana miaka thelathini na kitu. Kazi yake ni ya kukaa: saa 8 ofisini, na nyingine 2 au 3 kwenye foleni ya kwenda na kurudi. Hana kisukari wala presha, na hanywi dawa ya kila siku. Niliwahi kumtibu mgongo mwaka mmoja kabla, ndiyo maana namba yangu alikuwa nayo. Mazoezi aliyaacha tangu alipomaliza shule.

Januari, wafanyakazi wenzake walianzisha kundi la jogging la Jumamosi, kama yalivyo mengi hapa mjini: fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo za kuitikizana barabarani kabla jua halijachachamaa. Kundi lao lina kanuni moja ambayo kila mtu huicheka mpaka siku imfikie yeye: anayechelewa anaruka kichurachura. Aliyesoma bweni au kupita jeshini hahitaji maelezo. Kwa wengine: unachuchumaa hadi makalio yakaribie visigino, unashika masikio, halafu unaruka mbele kama chura na kutua hapo hapo umechuchumaa. Unarudia.

Jumamosi hadi Jumanne

Jumamosi ya pili ya mazoezi, Bwana K alichelewa dakika 20. Walikimbia kilomita 5 kwa mwendo wa polepole, kisha wakaingia kwenye uwanja wa vumbi kwa ajili ya viungo. Waliochelewa walikuwa wanne. Kiongozi aliwaamuru kwenda upande wa pili wa uwanja na kurudi. Wawili waliishia njiani wakacheka na kusamehewa. Bwana K alimaliza, na kwa kuwa bosi wake alikuwa pembeni anapiga picha, akaongeza mzunguko. Yeye mwenyewe anakadiria aliruka zaidi ya mara 200. Ilishafika saa 2 asubuhi, joto la Januari na unyevu wa pwani, na alikuwa amekunywa chupa moja ndogo ya maji tangu alipoamka. Mchana alikwenda kwenye kikao cha harusi, akakaa kwenye turubai hadi jioni.

Usiku miguu ilikaza. Jumapili asubuhi hakuweza kutumia choo cha kuchuchumaa nyumbani kwake. Mkewe alimletea kiti cha plastiki alichokikata shimo katikati kwa kisu cha moto. Akachuliwa kwa mafuta ya nazi. Duka la dawa likampa diklofenaki, kidonge kimoja mara tatu kwa siku.

Jumatatu akanipigia simu. Nakumbuka mazungumzo yote kwa sababu yalikuwa mafupi mno.

"Dokta, mapaja yananiua. Juzi tulipiga kichurachura."

"Pole sana kaka. Hayo ni maumivu ya mazoezi, siku ya pili na ya tatu ndiyo huwa makali. Pumzika, tembea kidogo kidogo, Alhamisi utakuwa sawa."

Nikakata. Nilikuwa na mgonjwa mezani.

Jumanne alfajiri mkojo ulitoka rangi ya juisi ya ukwaju. Akaenda zahanati. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kijiti cha mkojo kikaonyesha damu, alama tatu za kujumlisha. Akaambiwa ana UTI, akapewa antibayotiki, na kwa sababu alikuwa akilalamika miguu, akachomwa sindano ya diklofenaki juu ya vidonge alivyokuwa ameshameza. Mkewe, kwa kusikia neno mkojo, alinunua madafu sita ya kusafisha figo. Manne yalikuwa yameshanywewa.

Jumanne saa 11 jioni

Hakuja kwangu kwa ajili ya mkojo. Alikuja kukandwa.

Mlango wetu una ngazi tatu za kupanda. Alizipanda kwa kujivuta na chuma cha pembeni, taratibu, lakini alizipanda. Alipotaka kurudi kwenye bajaji kuchukua simu aliyoisahau, aligeuka akazishuka kinyumenyume kama mtu anayeshuka kwenye dari. Nilitazama nikacheka kimoyomoyo, kwa sababu ni kitu ninachowaeleza wanafunzi kila mwaka: misuli ya mbele ya paja iliyochakaa kwa mazoezi huumia zaidi kwenye kushuka.

Nilipomlaza, kicheko kiliisha. Mapaja yalikuwa yamevimba hadi ngozi inang'aa, magumu kama embe bichi. Nilimwomba anyooshe goti akiwa amekaa. Kisigino hakikunyanyuka hata kidogo. Maumivu ya kawaida ya mazoezi humfanya mtu anyooshe goti huku analia, ila linanyooka. Hapa nguvu yenyewe haikuwepo. Nilipima mapigo ya damu kwenye unyayo, yapo. Nikagusa vidole vya miguu, anahisi. Hilo lilinipa nafuu kidogo, maana uvimbe wa ndani ukibana mishipa, mtu anahitaji kupasuliwa saa hiyo hiyo.

"Halafu dokta," akasema akiwa amefumba macho, "na hii UTI nayo imekuja wakati mbaya."

"UTI gani?"

Akatoa karatasi ya maabara, imekunjwa mara nne ndani ya pochi. Mstari wa kijiti: damu +++. Mistari miwili chini, kwa mwandiko wa kalamu, aliyeangalia kwenye hadubini alikuwa ameandika chembe nyekundu 0–2, chembe nyeupe 0–2, bakteria hakuna.

Damu alama tatu, lakini chembe za damu hakuna. Nilinawa mikono mafuta, nikamfunika miguu kwa shuka.

Kilichokuwa kikitokea ndani ya paja

Mkewe alisimama mlangoni, na swali lake lilikuwa la haki kabisa: "Dokta, shida ni miguu. Figo zinaingiaje?" Nilimjibu kwa dakika mbili. Hapa nitachukua nafasi zaidi, kwa sababu bila kuelewa msuli unavyovuta, kisa hiki kinaonekana kama bahati mbaya tu.

Mwili wa binadamu una misuli ya kiunzi zaidi ya 600, na kwa mwanaume mzima yote pamoja hukaribia asilimia 40 ya uzito wake. Ukichana msuli kwa urefu utakuta nyuzi. Ndani ya kila uzi kuna nyuzi ndogo zaidi. Na hizo zimegawanyika vipande vipande mfano wa pingili za muwa. Kila pingili, inayoitwa sarkomia, ina urefu wa takriban sehemu mbili na nusu za milioni za mita, yaani unaweza kupanga 400 hivi ndani ya milimita moja. Ndani ya pingili mna nyuzi nene za protini iitwayo miosini, na nyembamba za aktini, zimeingiliana kama vidole vya mikono miwili. Msuli unapojikunja, hakuna uzi unaofupika. Zinateleza tu, moja ikipita kando ya nyingine. Wazo hilo lilichapishwa mwaka 1954 na makundi mawili tofauti kwa wakati mmoja: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande mwingine. Hao Huxley wawili hawakuwa ndugu.

Nani anazitelezesha? Fikiria wavuvi wakivuta kamba ya nyavu ufukweni Kunduchi. Kila mmoja anashika, anavuta, anaachia, anasogeza mkono mbele, anashika tena. Uzi wa miosini una vichwa vingi vidogo vinavyofanya hivyo hivyo kwenye kamba ya aktini. Amri ya kuanza inatoka kwenye neva. Neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini juu ya ngozi ya seli ya msuli, umeme unasambaa, na vifuko vilivyo ndani ya seli vinaachia kalsiamu. Kalsiamu inaondoa kizuizi kinachofunika sehemu za kushikia kwenye aktini, na vichwa vinaanza kazi. Amri ikikoma, kalsiamu inapampiwa kurudi vifukoni na msuli unalegea.

Nguvu ya yote hayo ni ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na jambo ambalo watu wengi wanalisoma kinyume ni hili: ATP inahitajika ili kichwa cha miosini *kiachie* kamba. Ikiisha, kinabaki kimeng'ang'ania. Ndiyo sababu maiti hukakamaa. Kupampu kalsiamu kurudi vifukoni nako kunakula ATP.

Sasa rudi ufukweni. Kuna kuvuta kamba ije kwako, na kuna hali ambapo nyavu imezidi uzito, umeshika kwa nguvu zote, na kamba inakutoka mikononi kuelekea majini. Kila mvuvi anajua ni ipi kati ya hizo mbili inayochubua viganja. Msuli nao una kazi hizo mbili. Unaporuka juu, misuli minne ya mbele ya paja inafupika na kukusukuma. Unapotua na kuzama kwenye kuchuchumaa, misuli ile ile inafanya kazi ya breki: inavuta huku inarefushwa kwa nguvu. Kwa mzigo ule ule, kazi hii ya breki huita nyuzi chache zaidi kuliko kazi ya kusukuma, kwa hiyo kila uzi unabeba zaidi. Pingili dhaifu zinavutwa hadi vidole vinaachana kabisa, na ngozi ya seli inachanika. Kichurachura ni breki hiyo mara 200, kwa kina chote cha goti, na uzito wa mwili ukianguka kutoka juu.

Ngozi ya seli ikichanika, mambo mawili yanakwenda kwa pamoja. Kalsiamu iliyo nje, ambako ni nyingi mno kuliko ndani, inaingia bila mlango. Nyuzi zinavuta bila amri, ATP inakwisha, pampu zinasimama, na vimeng'enya vinavyoamshwa na kalsiamu vinaanza kumeng'enya protini za seli yenyewe. Wakati huo huo vilivyokuwa ndani vinamwagika nje: potasiamu, fosfeti, kimeng'enya kinachoitwa CK, na myoglobini.

Myoglobini ndiyo ghala la oksijeni la msuli na ndiyo inayoupa wekundu. Yale maji mekundu kwenye mfuko wa nyama ukitoka buchani watu huyaita damu, lakini kwa sehemu kubwa ni maji yenye myoglobini. Ni protini ndogo, inapita kwenye chujio la figo, inaupa mkojo rangi ya kahawia, na mkojo ukiwa mzito na wenye asidi inaganda ndani ya mirija na kuiziba. Kijiti cha mkojo hakijui kutofautisha: kinabadilika rangi kwa sababu ya kiini chenye chuma ambacho myoglobini inacho sawa na damu. Hadubini ndiyo inayotofautisha, na mtu wa maabara alikuwa ameshatofautisha asubuhi ile, kwa kalamu.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1941, London ikipigwa mabomu, Eric Bywaters na Desmond Beall walieleza watu waliofukuliwa kwenye vifusi wakiwa wazima, miguu imebanwa kwa saa kadhaa, kisha wakafa siku chache baadaye kwa figo kushindwa. Bwana K hakuangukiwa na kifusi. Njia ya kuharibika ilikuwa nyingine, mwisho wake ule ule.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza: sikumkanda. Msuli uliovunjika na kujaa maji ukiukandamiza unaongeza uharibifu na kusukuma zaidi kwenye damu. Ilibidi nimweleze mara tatu, maana alikuwa amelipia usafiri ili akandwe.

La pili: aende hospitali yenye kipimo cha CK, potasiamu na mashine ya moyo, jioni ile ile. Alipendekeza aende kesho asubuhi kabla ya kazi. Nilikataa kwa sababu ya potasiamu. Karibu potasiamu yote ya mwili hukaa ndani ya seli, na nyingi ya hiyo ndani ya misuli. Ikimwagika kwa wingi huku figo zimezubaa, moyo unaweza kusimama mtu akiwa anaongea. Mkojo wa rangi unatisha, lakini hauui usiku mmoja. Potasiamu inaua.

La tatu: diklofenaki ikome, na madafu mawili yaliyobaki yasinywewe. Shemeji alitazama chini aliposikia la madafu. Nilimwambia hakukosea kwa kufikiri. Dafu ni maji mazuri kwa mtu aliyetoka jasho. Ila lina potasiamu nyingi, na mumewe kwa siku ile hakuhitaji hata tone la ziada.

La nne: barua. Niliandika mistari sita: siku na idadi ya miruko, dawa zote na vipimo vyake, madafu, hali ya goti, na sentensi "damu +++ kwenye kijiti, chembe nyekundu 0–2 kwenye hadubini, naomba CK, kreatinini, potasiamu na ECG". Kreatinini ni taka ya damuni inayoonyesha figo zinafanyaje kazi, na ECG ni kipimo cha umeme wa moyo. Nikabana karatasi ya zahanati nyuma yake. Wakaondoka na bajaji ile ile.

Matokeo

CK ya kwanza mashine iliandika alama ya "zaidi ya" na namba ya ukomo wake. Walipoichanganya na maji na kurudia, ilikuwa 64,000. Kiwango kilichochapwa kando kilikuwa chini ya 200. Kreatinini 212, ambayo kwa mtu wa umri wake ni takriban mara mbili ya inavyotakiwa, potasiamu 5.9, nayo ikiwa juu. Kipimo cha moyo kilikuwa salama.

Aliwekewa dripu za maji ya chumvi, nyingi na za haraka, mkojo ukipimwa kwa jagi kila saa. Lengo lao lilikuwa mililita 200 na kuendelea. Usiku wa kwanza mapaja yalichorwa mstari kwa kalamu na kupimwa mzunguko kwa futi ya fundi cherehani, kuangalia kama uvimbe unabana. Haukubana. Alfajiri ya Alhamisi mkojo ulikuwa wa njano. CK ilianza kushuka siku ya nne. Hakufika kwenye mashine ya kusafisha damu. Alitoka siku ya sita. Wiki mbili baadaye kreatinini ilikuwa 94.

Walimpima pia selimundu. Ni swali la lazima kwa mtu aliyevunjika misuli kwa mazoezi, hasa Tanzania ambako watoto wengi huzaliwa nayo, kwa sababu hata anayebeba kinasaba kimoja tu na hajawahi kuumwa ana hatari zaidi. Hakuwa nacho.

Uchambuzi

Nianze na simu ya Jumatatu, kwa sababu ndiyo kosa langu na ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote kuepukwa. Nilichomwambia kilikuwa kweli kwa wagonjwa tisini na tisa kati ya mia wanaopiga simu kama ile. Maumivu ya mazoezi hukolea kati ya saa 24 na 72, huisha yenyewe, na hayatokani na asidi laktiki kama inavyosemwa kwenye kila jimu hapa mjini. Hiyo huondoka misulini ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Yanatokana na hayo machubuko madogo ya kazi ya breki niliyoeleza. Shida ni kwamba maumivu ya kawaida na kuvunjika kwa misuli vinaanzia pamoja, kwenye barabara moja. Nilikuwa na jibu kabla ya kuuliza. Siku hizi mpokea simu wetu ana maswali matatu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: mkojo una rangi gani, unaweza kunyoosha goti au kiwiko mwenyewe, umemeza dawa gani. Bwana K, nilipomuuliza baadaye, alisema mkojo wa Jumatatu ulikuwa "kama chai ya rangi, nikadhani ni joto". Siku nzima ilipotea hapo, na katika siku hiyo alimeza vidonge vitatu vingine.

Vidonge hivyo vinahitaji maneno yao. Diklofenaki hapa mjini inauzwa na kumezwa kama peremende. Kwa goti lililoteguka la mtu anayekunywa maji vizuri, sina ugomvi nayo. Lakini mtu aliyekaukiwa maji, figo zake huwa zinajitetea kwa kutanua mishipa inayoziletea damu, na dawa hii huzima kemikali zinazofanya kazi hiyo ya kutanua. Bwana K alikuwa amekaukiwa mara mbili: jasho la Jumamosi, na maji yaliyohama kutoka kwenye damu kwenda kujaa ndani ya mapaja yake. Ndiyo ajabu ya ugonjwa huu, kwamba mtu anaonekana amevimba maji huku mwili una kiu. Figo zikapunguziwa damu wakati huo huo zinaletewa myoglobini. Siwezi kusema ni sehemu gani ya ile 212 ilitokana na kichurachura na ipi na dawa. Kwa dawa ya maumivu, parasetamoli ingetosha.

Karatasi ya maabara ndiyo inayonisumbua zaidi, na si kwa kulaumu. Aliyepima alifanya kazi sawasawa: hakuishia kwenye kijiti, aliangalia hadubini, akaandika alichokiona. Aliyeisoma aliona +++ akaishia hapo. Mistari miwili ilitofautiana na hakuna aliyeuliza kwa nini. Na ninajua kwa nini haikuulizwa: kijana wa mjini, mkojo mchafu, UTI ndilo jibu linalokuja mdomoni lenyewe, kama kwangu mimi lilivyokuja "maumivu ya mazoezi". Wote wawili tulimtibu mtu tuliyemzoea. Ila angalia pia kwamba karatasi ile ndiyo iliyomwokoa. Kama angeitupa, kama wengi wanavyozitupa nje ya geti, ningekuwa na mapaja yaliyovimba na hadithi ya UTI tu, na sina hakika ningefunika shuka haraka vile.

Kuhusu kichurachura chenyewe nina msimamo, na wenzangu wengine hawakubaliani nami. Kama zoezi kwa mtu aliyezoea, hakina ubaya. Wanariadha huruka zaidi ya hivyo. Ubaya wake ni kukitumia kama adhabu. Zoezi lina mwisho wake pale mwili unaposema basi. Adhabu mwisho wake anaupanga mwingine, na mbele ya watu. Wale wawili walioishia njiani waliamka Jumapili wakiwa wamekaza kidogo tu. Bwana K ndiye aliyekuwa na aibu, na aibu inapita pale ambapo maumivu yangemsimamisha mtu. Ongeza kwamba anayepewa adhabu ya kuchelewa au utovu ndani ya kundi jipya mara nyingi ndiye aliye na mazoezi machache kuliko wote.

Yaliyokwenda sawa ni machache. Mgonjwa alisema kuhusu mkojo, japo kwa kupitia. Hospitali haikusubiri majibu ya CK kuanza dripu; walianza kwa kusoma barua na kuangalia chupa ya mkojo. Na shemeji alikuwepo, akasikia, akahakikisha bajaji haipiti nyumbani kwanza.

Kurudi mazoezini

Wiki tatu za kwanza hakufanya kitu zaidi ya kutembea ndani ya nyumba na baadaye hadi barabarani. Wiki ya nne, CK ikiwa imeshuka chini ya 1,000 na mkojo msafi, tulianza na kiti: kusimama na kukaa, mara 8, kukaa kwa hesabu ya tatu. Nilichagua kukaa taratibu kwa makusudi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya breki, na msuli una tabia moja nzuri ajabu: ukichubuliwa kidogo kwa kazi hiyo, safari inayofuata hauumii vile, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Dozi ndogo ya kushuka inamwandaa mtu kwa kushuka. Wiki ya sita akashuka ngazi zetu tatu akitazama mbele. Wiki ya tisa akakimbia. Kundi lao, bila mimi kusema lolote, lilibadilisha adhabu: anayechelewa analeta katoni ya maji.

Kilichobaki ni kidogo. Mwezi wa nne CK yake ilikuwa 310 na maabara iliwekea alama ya juu, na hadi leo haijawahi kushuka chini ya 280. Ana nguvu, hana maumivu, kreatinini imetulia. Wanaume wenye asili ya Afrika mara nyingi wana CK ya juu kuliko kiwango kinachochapwa kwenye karatasi nyingi za maabara, na naamini hicho ndicho kiwango chake mwenyewe. Daktari wake anakubaliana nami. Bwana K bado hajakubali. Kila akiiona alama ile hunitumia picha ya karatasi, na chini yake picha ya pili, ya chupa ya mkojo iliyoinuliwa kwenye mwanga wa dirisha.